Wanaosita kununua magari ya umeme wana maswali ya haki

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo mijadala ya magari ya umeme hulipitia juu juu. Husemwa mara kwa mara kwamba wanaosita kuyanunua wanaogopa mambo mapya. Sikubaliani na maelezo hayo, kwa kuwa wengi wao wanauliza maswali ambayo yeyote anayetoa akiba yake ana haki ya kuyauliza.

Mtazame mnunuzi wa gari lililotumika. Hufungua boneti, huchomoa kijiti cha oili akakipangusa, huwasha injini akaitegea sikio, kisha huzunguka nyuma kutazama rangi ya moshi. Mbele ya gari la umeme ujuzi wote huo haumfai kitu: hakuna moshi wala mngurumo, na betri, ambayo ndiyo kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote, imefichwa chini ya sakafu. Watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8 au kilomita 160,000, lakini gari likimfikia mmiliki wa tatu huenda dhamana imekwisha, naye hana njia rahisi ya kujua betri imebakiza uwezo kiasi gani. Ndiyo maana naunga mkono kwa dhati uamuzi wa Umoja wa Ulaya kwamba, kuanzia Februari 2027, betri mpya za magari hayo ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kielektroniki yenye taarifa za betri husika, ikiwemo hali yake. Serikali nyingine zisisubiri, na taarifa hizo ziandikwe kwa lugha anayoielewa mnunuzi, si fundi peke yake.

Watu huangalia pia kama sera ina msimamo. Norway iliyaondolea magari haya kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001 na kuishikilia nafuu hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyosajiliwa huko yalikuwa ya betri. Ujerumani ilikatiza ruzuku yake ghafla Desemba 2023, na mauzo ya mwaka uliofuata yakashuka kwa zaidi ya robo. Aliyekuwa akidunduliza fedha kwa kuitegemea ruzuku ile, nani atamlaumu akirudi kwenye petroli?

Tena wapo wanaoishi ghorofani na kuegesha barabarani, ambao hawana pa kuchomeka waya usiku. Hao wawekewe vituo vya kuchajia karibu na makazi yao kwanza, ndipo watangaziwe tarehe ya mwisho ya kuuzwa kwa magari ya petroli.

Wako,
Msomaji