Kocha wa kujitolea asiwe pia msimamizi wa mstari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya klabu nyingi za vijana za kulenga shabaha kumwachia mtu mmoja anayejitolea kila kazi, kuanzia kutunza funguo za kabati la bunduki hadi kufundisha, kusimamia mstari wanaposimama wafyatuaji na kujibu simu za wazazi.

Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Ulikuwamo katika Olimpiki ya mwaka 1896, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya bunduki ya upepo ya mita 10 akiwa na umri wa miaka 16. Alama ya pointi kumi katika shabaha hiyo ina upana wa nusu milimita tu, kwa hiyo kijana anahitaji kocha wa kumtazama kwa karibu: anavyosimama, anavyoshusha pumzi, kidole chake kinavyobana kifyatulio.

Lakini kocha aliyeinama kumrekebisha mmoja bega hawezi kumwona mwingine, hatua chache nyuma yake, aliyegeuka na bunduki mkononi ili aongee na rafiki yake. Msimamizi wa mstari ndiye anayetoa amri ya kupakia, kuanza na kusimamisha, na ndiye anayehakikisha kila bunduki ni tupu na uzi wa usalama, unaoonyesha kuwa hamna risasi ndani, umepitishwa mtutuni kabla ya mtu yeyote kuvuka kwenda kubadilisha karatasi za shabaha. Kazi hizi mbili hazimfai mtu mmoja kwa wakati mmoja, hata awe hodari vipi.

Najua nitaambiwa kwamba wa kujitolea hawapatikani. Nadhani hawapatikani kwa sababu tunatafuta mabingwa. Mzazi asiyewahi kushika bunduki, akishachunguzwa kama anavyostahili kuchunguzwa yeyote anayekabidhiwa watoto, anaweza kuandika mahudhurio, kuhesabu silaha zinapotoka na kurudi kabatini, na kuhakikisha vijana wananawa mikono kabla ya kula, maana risasi zile huwa na madini yenye sumu. Akipewa mafunzo na kupimwa, atausimamia mstari pia.

Na siku atakayefika ni kiongozi mmoja tu, bunduki zisitoke kabatini. Vijana wafanye mazoezi ya kusimama na kupumua.

Mzazi na mwanachama wa klabu