Kisu kilichoungua hakishiki makali, hata kinolewe na nani

Lalamiko tunalolisikia sisi wanoa visu ni lilelile: "Mlininolea Jumatatu, Ijumaa kisu kimeshakuwa butu. Mmenila hela yangu." Linatuumiza, kwa sababu kazi ya kunoa hatuifanyi kwa kulipua. Kisu kikirudi mezani, mara nyingi tunakuta kilishapitishwa kwenye grainda, yaani jiwe la umeme, kabla hakijafika kwetu. Aliyekipitisha alitaka kuokoa dakika ishirini, na hapo ndipo kisu kilipoharibika.

Chuma cha kisu hupashwa moto mkali, kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, halafu kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kisivunjike kama kioo. Kwa vyuma vingi vya kaboni, moto huo wa pili hauzidi sana nyuzi 200 za Selsiasi. Ndio unaopanga ugumu, ambao kwa visu vingi vya mfukoni huwa kati ya 56 na 62 kwa kipimo cha Rockwell. Joto likipita hapo, chuma kinalegea, na hakirudi kuwa kigumu kwa kupoa.

Sasa fikiria makali kwenye jiwe la umeme. Pale penye makali chuma ni chembamba mno, hakina nyama ya kubeba joto, kwa hiyo huungua kwa chini ya sekunde moja wakati ubapa wenyewe bado hauchomi kidole. Ndiyo maana kuchovya kwenye maji hakusaidii kama watu wanavyodhani: unachovya joto likiwa limeshapita. Kwenye chuma cha kaboni, rangi ya majani makavu huonekana karibu na nyuzi 220, hudhurungi karibu na 260, na bluu karibu na 300. Ukiona bluu, makali yale yamekwisha. Kuifuta kwa msasa kunaondoa rangi tu, ulaini unabaki palepale. Kisu cha namna hiyo tukikinoa kitakata karatasi vizuri mbele yako, halafu ukikata kamba na katoni mbili tatu, makali yanajikunja upande.

Dawa yake ni moja: kuondoa chuma chote kilicholegea, milimita moja, wakati mwingine mbili, kwa jiwe na maji, kwa mkono. Kwa kuwa kisu huwa kinene kadiri unavyopanda kuelekea mgongoni, baada ya hapo mashavu ya makali, yaani pande mbili zilizo juu yake, nayo lazima yapunguzwe, la sivyo kitakuwa kinapasua badala ya kukata. Kisu cha kukunja kina tatizo la ziada: ukila chuma cha makali, ncha inasogea juu, na ukikifunga inaweza kuchungulia nje ya mpini, ikakuchoma mfukoni. Inabidi ncha ichongwe upya. Kisu kizima hutuchukua kama dakika 25, kilichoungua hupita saa moja. Bei tofauti inatoka hapo, hatujaitunga.

Siku hizi tunapima kwa tupa ndogo kabla ya kupokea kisu. Kwenye chuma kigumu tupa nzuri huteleza au huuma kwa shida, kwenye kilicholegea inazama mara moja. Tunafanya hivyo ukiwa umesimama pale, ili uone mwenyewe.

Kunoa nyumbani hatukukatazi. Unahitaji kinoo chenye pande mbili, 400 (wa kukwaruza) na 1000 (laini), na kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arisha. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni digrii 90. Kilaze nusu, 45. Kilaze nusu tena, uko karibu na 22, pembe inayofaa kazi za kila siku. Paka wino wa maka peni kwenye makali, pitisha mara mbili, kisha tazama: wino ukibaki pale kwenye ukingo, umelaza kisu mno, ukiondoka kwenye ukingo tu, umekiinua mno. Noa upande mmoja hadi uhisi kwenye upande wa pili, kwa kidole kinachotoka kwenye makali kwenda nje, uzi mwembamba wa chuma uliojikunja kuanzia kisiginoni mpaka nchani. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanageuza kisu kabla uzi haujatoka, au wanauacha bila kuuondoa, na uzi ule ndio unaonyoa nywele leo na kuanguka kesho. Rudia upande wa pili, hamia 1000 kwa mkono mwepesi, malizia kwenye ngozi ukivuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia.

Kwa anayenunua, maneno ni machache. Ubapa wa sentimita 7 hadi 8 unatosha kazi karibu zote. Muulize muuzaji jina la chuma. "Chuma cha pua" peke yake si jibu. 14C28N haishiki kutu kirahisi na inanoleka vizuri. 1095 inapata makali matamu lakini ukiiacha na maji ya limau itapata madoa upesi. Wateja hupenda kuomba kigumu kuliko vyote, halafu wanakitumia kufungulia kopo. Chuma cha Rockwell 61 au 62 ukikipinda kinamegeka, kikaacha mapengo, na ncha iliyovunjika ndiyo kazi tunayoipokea kwa wingi baada ya grainda. Ukijua mkono wako ni wa kubandua, chukua cha 57.

Kuhusu ubapa kulegea kwenye mpini: ukicheza kushoto na kulia, mara nyingi ni skrubu ya mhimili, pale ubapa unapojikunjia, na hukazwa robo ya mzunguko au chini ya hapo, kwa bisibisi ya nyota yenye pembe sita (Torx) inayoenea sawasawa, kwa kawaida T6 au T8. Bisibisi bapa inakula kichwa cha skrubu, na kuitoa hapo ni kuitoboa. Ukicheza juu na chini kikiwa wazi, hiyo ni loki, kile kinachoushikilia ubapa usijifunge, imelika; usikitumie, kilete. Na usijaze mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili baada ya kuondoa vumbi la mfukoni linatosha.

Ukileta kisu, tuambie kimepita wapi na unakatia nini, hata kama kimepita kwenye grainda, hatutakugombeza. Tukikuta kimeungua tutakuonyesha kabla hatujakigusa, nawe utaamua kama tupunguze chuma au ununue kingine.