Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: transfoma zetu hazipati tena usiku wa kupoa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa stima mtaani Umoja, Nairobi. Nakuandikia kuhusu saa nne usiku.

Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, iliweka bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za umeme. Uniti ya usiku ni nusu ya bei ya mchana, na usiku huo huanza saa nne. Naiunga mkono bei hiyo kwa moyo wote. Watu wakilala, mvuke wa ardhini unaozalisha umeme kule Olkaria bado upo, na heri uishie kwenye betri ya bodaboda kuliko kupotelea hewani. Ila aliyeipanga alitazama gridi ya taifa zima. Hakuitazama transfoma ya kona yetu, lile tangi la nguzoni linalopunguza nguvu ya umeme kabla haujaingia majumbani.

Juzi niliitwa kwenye duka moja chini ya ghorofa. Zamani liliuza viatu, siku hizi ni chumba cha kuchajia betri. Nilikuta betri kumi na mbili kwenye rafu za chuma, kila moja na chaja yake, na taima zote zimewekwa saa nne kamili. Saa nne kasorobo nilibana kipimo changu kwenye waya: hamna kitu. Saa nne ilipofika, feni za chaja zilivuma kwa pamoja kama mzinga wa nyuki, kipimo kikaruka hadi ampea 50, zote kwenye fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu zinazotoka kwenye transfoma, na balbu ya koridoni ikafifia. Kijana mwenye duka akaniuliza, "Fundi, si iko sawa?" Waya zake zilikuwa sawa kabisa. Nilitoka nje nikainua macho kwenye nguzo.

Transfoma ile ni ya kVA 100, yaani kila fezi hubeba ampea 139 hivi. Chumba kimoja kimechukua zaidi ya theluthi ya fezi, na fezi hiyohiyo inalisha ploti tatu za wapangaji ambao usiku ndipo wanapata nafasi ya kupiga pasi sare za watoto. Wiki ile fyuzi ya fezi hiyo, ile nyekundu, iliungua mara mbili. Walioko kwenye manjano na buluu waliendelea kutazama televisheni. Mama anayeuza maziwa yuko kwenye nyekundu, na asubuhi nilimkuta akimwaga ndoo nzima mtaroni, hasemi neno.

Fyuzi ikiungua, angalau mtu ataona. Kinachonikosesha usingizi kiko ndani ya lile tangi. Nyaya za transfoma zimevikwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta. Mkondo ukiwa maradufu, joto linalozalishwa na nyaya huwa mara nne. Pale penye joto kali zaidi pakishapita nyuzi 98, kila nyuzi 6 zinazoongezeka hukata umri wa karatasi ya kawaida kwa nusu, na karatasi iliyokwisha kukauka hairudi upya. Zamani, baada ya mapishi na pasi za jioni, transfoma ilipata usiku wa kupoa. Sasa mafuta yangali moto, mzigo mwingine unaingia.

Na hizo ni pikipiki tu. Chaja ya gari ya nyumbani huvuta kilowati 7 hivi. Magari kumi na manne yakichomekwa kwa wakati mmoja, transfoma kama ile karibu imejaa kabla jirani hajawasha taa.

Dawa si ngumu. Uingereza, tangu Juni 2022, chaja mpya za nyumbani na kazini ni lazima ziwe zimepangwa zichelewe kuanza, kila moja kwa muda wake wa nasibu, kwa kawaida hadi dakika kumi, ili zisivute zote kwa mpigo. Naomba tuwe na kanuni kama hiyo kabla chaja hazijajaa mitaani. Naomba pia kila chumba cha kuchajia kiandikishwe kwa transfoma na fezi kinayotumia, na kikishapita mzigo fulani kigawiwe fezi zote tatu. Na transfoma zenyewe zifungwe vipimo. Leo fundi anajua imezidiwa akishaona mafuta yametiririka ubavuni, na hapo amechelewa.

Mheshimiwa, kijana yule nilimpangia taima upya: betri nne saa nne, nne saa sita na nusu, nne saa tisa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri zote zimejaa na vijana wa boda wako mlangoni. Kipimo hakipiti ampea 17, na bili yake haikupanda hata shilingi moja. Ilinichukua dakika ishirini na bisibisi.

Wako mtiifu,
Fundi wa stima, Umoja