Mwanangu, yule buibui wa chini ya jiwe

Mwanangu mpenzi,

Jana ulivyoinua lile jiwe ukataka kumponda yule buibui nikakushika mkono, najua ulinuna, sasa acha nikuandikie maana jana ulikuwa husikii la mtu. Yule ni buibui wa ardhini, jamii ya Gnaphosidae, hatandi utando wa kunasia inzi kama wale wa kwenye kona za ukuta. Mchana anajificha kwenye kikoba chake cha uzi chini ya jiwe, giza likiingia ndo anatoka kuwinda kwa miguu. Na uliona alivyogoma kukimbia? Wana mbio sana hawa, wangeshatimka. Kile kifuko cheupe alichokikumbatia ni mayai, mama haachi mayai mpaka yaanguliwe.

Mwaka 1999 Marie Dacke na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kuhusu mmoja wa jamii hii anayeishi Ulaya, Drassodes cupreus, na mimi hii ndo inanigusa kuliko zote. Ana macho manane ila mawili ya juu katikati hayaoni picha kabisa, yametazama angani tu, ndani yanang'aa kama kioo. Sasa mwanga wa anga una mpangilio wake, mawimbi yanatikisika zaidi kuelekea upande fulani, sisi hatuoni chochote, na jua likizama mpangilio huo unakuwa na nguvu sana pale juu utosini. Jicho moja linapokea mtikisiko wa upande huu, la pili linapokea ule unaokatizana nao kama msalaba, analinganisha, basi anajua kwao ni wapi. Yaani ana dira kichwani, katoka kuwinda gizagiza vile na anarudi mpaka kwenye kikoba chake.

Halafu ni jasiri. Akikutana na windo la hatari, hata buibui mwenzake aliyemzidi umbo, hakimbilii kung'ata, anamzunguka mbio huku anambandika miguu kwa uzi mnene wenye gundi unaotoka kwenye vibomba vya nyuma ya tumbo, mpaka mwenzie ashindwe kusogea. Wanasayansi walilieleza hilo vizuri mwaka 2017.

Jiwe nimelirudisha pole pole vilevile lilivyokuwa. Jumamosi magharibi twende na tochi tukachuchumae pale, lake tusiliguse, tuangalie mawe ya jirani nani atatoka.

Mama yako