Gridi haitaanguka, transfoma ya mtaa ndiyo inayoungua

Mhariri,

Ripoti yenu ya juma lililopita, ile iliyodai kwamba magari ya umeme yataangusha gridi ya taifa, imenitoa kwenye kimya cha miaka mingi. Mmewatisha watu kwa jambo lisilokuwapo, na lile linalounguza vitu hasa hamkuligusa hata kwa mstari mmoja.

Usiku gridi ya taifa ina nafasi tele. Mahitaji ya Kenya hufika kileleni kati ya saa moja na saa nne usiku, yakapita megawati 2,000. Watu wakishalala yanashuka mno, hata kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, mvuke huachiliwa upotee hewani na mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ikatakiwa kupunguza. Ndiyo sababu mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti kabla ya tozo na kodi, na nusu yake, shilingi 8, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Bei hiyo naiunga mkono kabisa. Kasoro yake ni moja: kila mwenye gari huweka taima saa nne kamili.

Tazameni yaliyotokea kwenye fleti moja hapa Nairobi. Transfoma ni ya kVA 100 (kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), ambayo kwa volti 415 inabeba ampea 139 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya zake tatu za umeme, hakuna zaidi. Wapangaji sita walinunua magari na kila mmoja akafungiwa chaja ya ampea 32. Fundi aliona fezi nyekundu ndiyo iliyo karibu na maegesho, akaziunga zote sita hapo hapo. Saa nne ikigonga, chaja sita zinaamka kwa dakika moja: ampea 192 kwenye fezi ya ampea 139, na hapo hujahesabu instant shower, zile bafu zinazochemsha maji papo hapo, za wanaochelewa kurudi, ambazo kila moja huvuta zaidi ya ampea 20. Fezi mbili zilizobaki ziko karibu tupu. Fyuzi ikaungua. Ikabadilishwa, na kesho yake saa ile ile ikaungua tena. Nyumba za fezi nyekundu ziko gizani, jirani wa fezi ya manjano anatazama taarifa ya habari, na lawama yote inapelekwa kwa gridi ya taifa! Tena afadhali fyuzi iungue. Akitokea mtu akafunga waya mnene mahali pa fyuzi, mafuta ya transfoma yanapata joto kupita kiasi, karatasi zinazohami koili zinakauka na kuvunjika, na siku zikipita transfoma inakufa. Halafu mkondo usio na mwenzake kwenye fezi nyingine hurudi wote kupitia nyutro, waya wa kurudishia umeme. Kiungo cha nyutro kikiwa kimelegea, volti za fezi zisizo na mzigo zinapanda, na friji ya mtu asiyemiliki hata baiskeli inaungua kwa sababu ya gari la jirani.

Na yote hayo yangeepukika. Gari dogo linalokwenda kilomita 50 kwa siku hutumia uniti 7 au 8. Ongeza zinazopotea kwenye chaja, ziwe 9. Ampea 8 kwa volti 240 ni kilowati 1.9 hivi, na kwa saa nane za bei nafuu hizo ni uniti 15. Magari yale sita yangepewa ampea 8 kila moja na kugawanywa mawili mawili kwa fezi tatu, kila fezi ingebeba ampea 16, mzigo mdogo kuliko instant shower moja. Asubuhi kila mtu angeondoka na umeme wa kutosha zaidi ya kilomita 80.

Huku ndiko kuchaji kwa ujanja, na si miujiza. Kipimo kinachobana waya mkuu wa jengo husoma mkondo unaoingia, kisha huziambia chaja zipunguze au ziongeze. Chaja inaweza kushuka hadi ampea 6. Chini ya hapo ni lazima isimame kabisa, na kuna magari ya zamani ambayo yakishasimamishwa hayaamki hadi uchomoe kebo, kwa hiyo ni heri kupunguza kuliko kukata. Uingereza waliiona hatari ya taima mapema. Kanuni zao zilizoanza tarehe 30 Juni 2022 zinataka chaja mpya za nyumbani na kazini zichelewe kuanza kwa muda wa kubahatisha hadi dakika 10, na ziweze kusogezwa hadi dakika 30, ili mzigo upande taratibu badala ya kuruka kwa mpigo.

Na wale wasio na chaja, wanaochomeka kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, hao wana hatari yao. Soketi ile haikuundwa kubeba ampea 13 kwa saa nane mfululizo. Weka ampea 10, ivutiwe waya wake yenyewe wa milimita mraba 4 kutoka kwenye breka, skrubu zikazwe, na ukiona plastiki imegeuka rangi ya kahawia au plagi haishikiki kwa joto, acha siku hiyo hiyo. Extension iliyozungushwa kwenye gurudumu lake inayeyuka katikati, ambako joto halina pa kutokea. Walioagiza Nissan Leaf kutoka Japani nao wakague saa ya gari, maana menyu ni ya Kijapani na wengi hawaigusi. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Taima ya saa nne usiku kwa saa ya huko huanza kuchaji hapa saa kumi jioni, kwa bei ya shilingi 16, ikaingia moja kwa moja kwenye kilele.

Ninachotaka ni hiki. EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, na Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, waongeze mistari miwili kwenye fomu ya kuomba mita ya gari la umeme. Wa kwanza: gari linaungwa fezi gani, na tayari kuna magari mangapi kwenye fezi hiyo ya transfoma hiyo. Wa pili: chaja inachelewa kuanza kwa dakika ngapi za kubahatisha, na jibu la sifuri likataliwe. Fundi akimaliza kazi, apake doa la rangi ya fezi kwenye mlango wa boksi la mita, jekundu, la manjano au la buluu, ukubwa wa kifuniko cha soda, ili fundi atakayefuata ajue kabla hajashika bisibisi. Wanaokaa kwenye fleti wasingoje fomu: kati ya magari sita, matatu yawekewe taima saa nne na robo, yaliyobaki saa nane usiku.

Mhandisi wa umeme,
Nairobi