Kabla ya kadi ya grafiki, someni wati za kisanduku cha umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumze na vijana wa Lubumbashi wanaocheza michezo ya kompyuta, na zaidi na wale wanaowauzia vipuri. Mimi si kijana. Nimestaafu kazi ya umeme kiwandani, naishi Katuba, na kompyuta iliyoko nyumbani kwangu ni ya wajukuu kuliko yangu, ingawa Jumapili mchana mpira wa kwenye skrini nami huucheza, na hawanifungi kirahisi.

Mashine yenyewe ni ile ya ofisi iliyotumika Ulaya ikaletwa huku, kama zilivyo nyingi mjini. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Intel Core i5-4590 ya mwaka 2014, RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ni GB 8 za aina ya zamani ya DDR3, diski ni ile ya kuzunguka, na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za mchezo kwenye skrini, ni GTX 750 Ti ya GB 2. GTA V inakwenda. FIFA za zamani zinakwenda. Lakini mjukuu wangu mkubwa anataka EA Sports FC, mpira uliochukua nafasi ya FIFA, na kwa toleo la FC 24 watengenezaji wameandika kwamba kiwango cha chini ni prosesa i5-6600K, RAM GB 8 na kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4. Prosesa yetu na kadi yetu zote ziko chini ya mstari. Ndipo mjadala ulipoanza nyumbani: tuiongezee mashine hii nguvu, au tuiache hivyo tuweke pesa ya nyingine?

Mjukuu alikuwa na jibu lake tayari. Alikuwa ameona kadi ya RX 580 ya GB 8, iliyotumika, dola 90. Tukaenda kuiangalia kwenye kibanda kimoja mjini. Nikauliza inakula wati ngapi. Muuzaji akasema, "Papa, usiogope kintu, inatumika muzuri." Hilo si jibu la wati. Kadi hiyo inakula wati 185, na ubavuni ina tundu la pini 8 linalotaka waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha ndani ya mashine. Kisanduku chetu kimeandikwa wati 290 kwa kila kitu, na waya wa namna hiyo hakina. Nikamweleza. Akavuta droo akatoa kiwaya kifupi: upande mmoja plagi ya pini 8 ya kadi, upande wa pili plagi bapa ya SATA, ile ya kulisha diski. Akasema basi, tatizo limekwisha.

Kiwaya hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, na kila moja imetengenezwa kubeba ampea 1.5. Ampea 4.5 mara volti 12 ni wati 54. Tundu la pini 8 linaruhusiwa kuvuta hadi wati 150. Kijana akifungua mchezo mzito, kiwaya kinaweza kubebeshwa hadi karibu mara tatu ya uwezo wake. Na hakitakatika siku hiyo, ndiyo maana muuzaji anaweza kuapa kwamba kinafanya kazi. Plastiki ya plagi italainika kwanza, itageuka kahawia, chumba kitaanza kunuka, na siku moja pini zitagusana. Maisha yangu yote nimeyapitisha karibu na shaba, na nimeshaona shaba nyembamba inafanya nini ikipewa mzigo wa nene. Hakuna sheria ya mchezo inayobadilisha hilo. Nawaomba wauzaji wenye viwaya hivyo wavitoe kwenye droo zao, na wazazi wanaolala chumba cha pili wavitafute ndani ya mashine za watoto wavitoe.

Kwa mashine za ofisi kama yetu, kadi inayofaa ni ile isiyohitaji waya wowote wa ziada. Tundu refu la kadi mama, ule ubao mkuu ambao vipuri vyote vinachomekwa, linatoa wati 75, na zipo kadi zilizotengenezwa kuishi humo. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni mojawapo, lakini iangalieni ukingoni, kwa sababu baadhi ya viwanda vimeiongezea tundu la pini 6. GTX 1050 Ti nayo inaishi humo, na ni rahisi zaidi kupatikana, ila Nvidia, kampuni ya kadi hizi za GTX, imeacha kutoa draiva mpya za michezo, yaani programu za kuiendesha kadi, kwa kadi za kizazi hicho tangu Oktoba 2025; yaliyobaki ni marekebisho ya usalama tu. Kwa tofauti ndogo ya bei ningechukua 1650.

Sasa umeme wenyewe. Kwenye karatasi ni volti 220. Jioni, majiko yote ya mtaa yakiwashwa, nimeshapima chini ya 170 kwenye soketi ya sebuleni. Volti zikishuka, mashine huvuta ampea zaidi ili kupata wati zilezile, na kisanduku cha miaka kumi kinapata joto zaidi wakati ambapo kijana ndiyo kwanza ameingia kwenye mechi. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, hapo ndipo vitu vinakufa. Kwangu amri ni moja: umeme ukienda, plagi inatoka ukutani, na hairudi mpaka taa zitulie. Stabilizata nzuri, kifaa cha kutuliza volti, ningeinunua kabla ya kadi yoyote. Wajukuu hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu stabilizata haionekani kwenye skrini.

Kabla hata ya hiyo, kuna kazi isiyogharimu karibu chochote. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na ndani ya kompyuta lina pahali pake linapopenda: kati ya feni ya prosesa na mapezi ya chuma yaliyo chini yake. Nilipofungua ubavu wa mashine, feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, safi juu, na mtu asiyejua angefunga akaondoka. Nikatoa skrubu nne nikainua feni. Chini yake kulikuwa na blanketi, rangi ya tofali, nene kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili na kuvutwa likiwa zima. Hewa haikuwa inapita. Ile krimu ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma ilikuwa imekauka ikawa unga. Kabla ya usafi, prosesa ilikuwa inapanda juu ya nyuzi 90 mchezoni, kisha inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo ile GTA V ya kukwama-kwama iliyofanya kijana aseme kadi imezeeka. Baada ya brashi na krimu mpya haipiti 70. Kadi ni ileile.

Kuhusu kununua, kila kipuri nakiuliza swali moja: siku mashine hii ikifa, wewe utahamia wapi? SSD ya SATA, diski isiyozunguka, inahamia kompyuta nyingi, kwa hiyo tumenunua ya GB 480, na Windows iliyokuwa inafunguka kwa kungoja sasa inafunguka kabla hujavuta kiti. GTX 1650 itahama pia. Lakini RAM ya DDR3 haiingii kwenye kadi mama za leo, na prosesa i7-4790, ambayo wengi wanatushauri kwa sababu inakaa kwenye soketi ileile, itazikwa pamoja na mashine. Hizo hapana. Ukipita hapo ni lazima ubadilishe kadi mama, prosesa na RAM kwa mpigo, na mara nyingi kisanduku cha umeme pia, maana mashine nyingi za ofisi zina plagi za aina yao peke yao. Hapo unanunua kompyuta mpya kwa vipande, kwa bei ya juu.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Yetu ni kizazi cha 4. Hiyo pekee inatosha kunizuia kuimwagia pesa nyingi.

Jambo la mwisho ni kadi bandia. Inauzwa GTX 1050 Ti ambayo ndani ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011, iliyobadilishwa jina kwenye programu yake ya ndani ili Windows idanganyike. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizitambua tangu 2018, na inaandika FAKE mbele ya jina. Iwekeni kwenye flashi mwende nayo. Muuzaji mwenye bidhaa halali hapotezi kitu kwa kuiwasha kadi dakika kumi mbele ya mnunuzi, na asiyekubali, mwacheni na bidhaa yake.

Mjukuu ameafiki, kwa shingo upande. Kadi ya 1650 atainunua akiipata isiyo na tundu la ziada, na FC itangoja mashine ya kizazi cha 8. Kama kuna msomaji wa mitaa yetu ya Kenya na Kampemba, au hata wa Kasumbalesa mpakani, anayeuza kadi ya namna hiyo, na yuko tayari kuiwasha mbele yangu, aandike kupitia gazeti hili.

Fundi umeme mstaafu,
Katuba, Lubumbashi