Barua kwa mwanangu: ifungue hiyo "mengineyo"

Mwanangu,

Sisi hapa Tanga hatujambo. Mguu wa mama yako umepoa, ameanza kwenda sokoni mwenyewe. Karatasi yako ya bajeti ya Brazili imefika. Nimeisoma, nikaenda nayo barazani, nikarudi nayo nikaisoma tena. Umeipanga vizuri: nauli, viza, malazi, chakula. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, umeandika "mengineyo" na kuitengea kipesa kiduchu. Mstari huo ndio ulioninyima usingizi. Baba yako aliifika Brazili kwa meli, na mengineyo ndiyo yaliyommaliza.

Nchi ile ukubwa wake ni kama Tanzania 9. Tiketi yako inaishia São Paulo kupitia Addis Ababa, ila unachokifuata wewe kiko Salvador. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni karibu kilomita 2,000, na kwa basi ni zaidi ya saa 30. Mbona hujaiandika safari hiyo? Ukienda kwa ndege, angalia uwanja. Utatua Guarulhos, na ndege nyingi za ndani huondokea Congonhas, ng'ambo nyingine ya jiji. Tiketi ikiwa rahisi kwa sababu inaondokea huko, ulichookoa kitaliwa na teksi. Angalia na mzigo. Tangu 2017 mashirika ya ndege kule yanaruhusiwa kutoza begi la kupakia, kwa hiyo bei unayoiona kwenye simu mara nyingi ni yako wewe na kibegi cha mkononi cha kilo 10. Jitahidi vyote viingie humo.

Kuhusu Februari, nakuomba uifikirie upya. Karnivali ya Salvador huja kabla ya Kwaresma, na siku hizo vyumba hupanda bei vibaya, wengine hawakupangishi mpaka ulipie wiki nzima. Watu wenye uwezo hununua fulana maalumu wanazoziita abadá, ndizo zinazowaruhusu kucheza ndani ya kamba nyuma ya gari la muziki. Wasio nazo hucheza nje ya kamba bure, na huitwa pipoca, yaani bisi. Kama moyo wako uko kwenye Karnivali, nenda ukawe bisi, lakini chumba kilipie miezi mingi kabla. Kama shida yako ni kuuona mji tu, nenda Septemba au Oktoba. Mvua za katikati ya mwaka zinakuwa zimepungua, na umati wa Desemba haujaingia.

Chakula kisikutie hofu. Watu wale ni wa wali na maharage kama sisi. Mchana ulizia prato feito: sahani moja ya wali, maharage, kipande cha nyama na kachumbari, bei yake imeandikwa mlangoni. Kuna na migahawa ya kupima kwa kilo. Unajipakulia mwenyewe, sahani inawekwa kwenye mizani, unalipia uzito. Hapo wageni wengi huumia, maana wali na nyama ni bei moja. Usijaze sahani tikiti maji na mchuzi ukalipia maji. Na bili ikija na asilimia 10 ya huduma, jua hiyo ni hiari, ingawa mimi nilikuwa naitoa nikihudumiwa vizuri.

Siku hizi, wananiambia wenzangu ambao bado wako baharini, kila mtu kule analipa kwa Pix, mfumo wa simu wa benki kuu yao ulioanza 2020. Wewe bila akaunti ya kule usiutegemee. Tembea na kadi, na noti ndogo ndogo za reais, pesa yao, kwa wauzaji wa barabarani. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa reais, chagua reais. Tiketi za basi mtandaoni mara nyingi hudai CPF, namba yao ya mlipakodi. Ikikataa, nenda dirishani stendi na pasipoti yako. Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla, na kadi yake uitunze, maana ukitoka Brazili wataitaka hata hapa nyumbani.

Sasa nikwambie yaliyonipata. Mwaka 2006 tulitia nanga Salvador, tukaambiwa ni siku 2. Nikachukua sehemu ya mshahara, nikaibadilisha yote siku ya kwanza. Mvua ikanyesha, upakiaji ukasimama, siku 2 zikawa 5. Sikununua kitu kikubwa hata kimoja. Ilikuwa teksi, maji, kadi ya simu ya kumpigia mama yako, kufua nguo, zawadi, teksi tena. Siku ya tatu nilibaki na reais 40, na nikaogopa kuzigusa. Nilikula melini, jioni nakaa ukingoni naziangalia taa za mji.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukishalipa nauli, viza na chanjo, pesa iliyobaki usiigawe kwa siku 14 ulizoandika, igawe kwa 16. Fungu la siku moja ndilo unalotoka nalo asubuhi. Usipolimaliza, usiseme umepata faida, lihamishie kesho. Mafungu 2 ya ziada yakae mbali na mkoba.

Zile reais 40 nilirudi nazo, hakuna duka la fedha Tanga wala Dar lililozitaka. Zimekaa miaka yote kwenye kisanduku cha bangili cha mama yako. Nimeziweka kwenye bahasha hii: mbili za kumi zenye kasuku, moja ya ishirini yenye kitumbili. Ni toleo la zamani, lakini benki kuu yao bado inazitambua. Salvador utawaona akina mama waliovaa nguo nyeupe na vilemba, wanakaanga acarajé barabarani. Ni bajia za kunde, mwanangu, kama za bibi yako, ila zinaelea kwenye mawese, kisha zinapasuliwa na kujazwa kamba wakavu. Atakuuliza kama unataka "quente". Anamaanisha pilipili. Mwambie ndiyo, na umlipe kwa noti ya kasuku.

Baba yako